Namba 4,294,967,297

Nataka kuwaeleza habari za namba moja iliyonitia aibu nilipokuwa kidato cha tatu.

Mwalimu wetu wa hesabu aliandika ubaoni 2, 4, 16, 256 na 65,536. Kila moja ni ile iliyotangulia ikizidishwa kwa yenyewe. Kisha akaongeza 1 juu ya kila moja, tukapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akasema, "Haya, ya sita ni 4,294,967,297. Je, nayo ni tasa? Nileteeni jawabu kesho."

Usiku ule niligawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, nikaendelea hivyo mpaka 97. Kila mara baki. Nikachoka, na asubuhi nikasimama kwa ushujaa nikasema ni tasa. "Kwa nini?" Nikajibu, "Kwa sababu tano za kwanza ni tasa, na hii nimeijaribu sana." Darasa zima likacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alisema nimekosea pamoja na mtu mkubwa. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za mfuatano huu ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, alionyesha kuwa ya sita inagawanyika kwa 641.

Sasa tazameni. Kujaribu kwa nguvu tu kungetaka namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, maana hicho ndicho kipeuo cha pili cha namba yetu kwa kukadiria. Nazo ni 6,542! Lakini Euler baadaye alithibitisha kwamba kigawanyo chochote cha namba hii kilicho tasa, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki 1. Basi andikeni 65, 129, 193, na kuendelea mpaka 641, mkiongeza 64 kila mara, kisha futeni zisizo tasa. Zabaki 193, 257, 449, 577 na 641, tano tu. Ya kwanza inaacha baki 109, ya pili 2, ya tatu 325, ya nne 288. Kwa 641 hakuna baki, na jawabu ni 6,700,417, ambayo yenyewe ni tasa. Msiniamini, chukueni karatasi.

Kumbe usiku wangu wote ulikuwa bure, kwani hakuna hata moja kati ya namba nilizojaribu iliyokuwa na nafasi.

Tangu ya sita mpaka ya 33, zote zimekwisha julikana kuwa si tasa. Ya 34 bado haijajulikana.