Kabla Hujamwita Fundi wa Jipsamu

Dari ya jipsamu ikishapakwa rangi, nzuri na mbovu zinafanana. Mishono haionekani, mbao hazionekani, nyaya hazionekani. Tofauti utaiona masika yakianza, au usiku utakapozungusha pangaboi mpaka mwisho na dari nzima ikaanza kutetemeka. Ndiyo maana vidokezo hivi, kwa mwenye nyumba wa Dar, Tanga au Mombasa anayetaka dari mpya, ukuta wa kugawa chumba, au nafuu ya joto, vingi ni vya kufanyia kazi kabla bodi ya kwanza haijapigwa skrubu.

1. Anza na bati. Jipsamu na maji haviivani. Bodi ni unga wa jiwe uliobanwa katikati ya karatasi mbili (jiwe lenyewe linachimbwa Tanzania, Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida), na ikilowa inalegea na kushuka. Panda ndani ya paa na tochi mvua ikinyesha, au mwagia paa maji kwa mpira huku mwenzako akitazama kwa ndani. Ukiwa hukohuko, angalia popo. Mkojo wao unapenya bodi na kuacha madoa ya kahawia yanayochomoza tena hata ukipaka rangi. Ziba mapengo ya chini ya bati popo wakiwa nje, si wakiwa ndani!

2. Omba kuona kazi ya zamani, siyo ya wiki iliyopita. Picha za kwenye simu hazithibitishi kitu. Zinaweza kuwa za nyumba ya fundi mwingine kabisa. Taka nyumba ambayo dari yake imeshapita walau msimu mmoja wa mvua. Ukifika, zima taa, weka tochi sambamba na bodi, mwanga upite kwa ubavu. Mawimbi, vichwa vya skrubu na mishono iliyotuna vyote vitajitokeza. Kisha muulize mwenye nyumba swali moja tu: ulipomwita arekebishe, alirudi baada ya muda gani?

3. Cheti ni kizuri, lakini usikiabudu. Mafundi wengi hodari walijifunzia mtaani, na kwa Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima ujuzi wao na kuwapa vyeti bila kurudi darasani. Ukiajiri kampuni kwa jengo kubwa, hapo ulizia usajili wake: Tanzania ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Kenya ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).

4. Piga hesabu ya bodi mwenyewe. Bodi ya kawaida ina mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea, inakuwa 15.4. Gawanya kwa 2.88, unapata bodi 6 ukizungusha kwenda juu. Fundi akikuandikia 9 kwa dari bapa isiyo na urembo, muulize kwa upole zile 3 zinakwenda chumba gani.

5. Hadiwea nendeni wote. Ukimwachia fundi hela anunue peke yake, utalipa na cha juu, tena huenda ukaletewa bodi nyembamba kuliko mlivyokubaliana. Nenda naye Gerezani, kama uko Dar, au duka la mtaani kwenu, pima unene wa bodi kwa rula, kataa zilizopondeka kona. Za bafuni na jikoni ziwe zile za kijani zinazostahimili unyevu. Usisahau utepe wa mishono na unga wake maalumu. Mshono uliozibwa kwa puti na rangi pekee utapasuka.

6. Joto linatoka juu, hela yako ielekee juu. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Bati likipigwa na jua la saa saba linachoma, na bodi ya milimita 9 au 12 peke yake haizuii joto hilo kwa kiasi cha maana. Kuna karatasi ya kung'aa na kuna pamba ya glasi, na vyote vinafanya kazi vikiwekwa sawasawa. Karatasi ya kung'aa inahitaji nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa. Ikibanwa bila nafasi hiyo, joto linapita tu. Pamba nayo isishindiliwe, kwa sababu kinachokinga ni hewa iliyomo ndani yake. Anayeitandaza avae glavu, barakoa na mikono mirefu. Lakini kabla ya yote hayo, toboa matundu ya hewa pande mbili za paa, yenye wavu wa kuzuia popo, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Ni kazi rahisi, na mafundi wachache wataitaja kwa sababu haiuzi bodi.

Kuta je? Ukuta wa tofali unaopigwa na jua la jioni unataka kivuli: mwembe, baraza, au ukingo wa paa uliosogezwa nje. Kuufunika kwa pamba na bodi kwa ndani, kwa nyumba ya pwani yenye madirisha wazi, naona ni kutupa hela. Pamba ndani ya ukuta wa kugawa chumba ni habari nyingine. Hiyo inapunguza sauti, na wenye vyumba vya kupangisha mnajua thamani yake.

7. Pangaboi lisining'inizwe kwenye bodi. Wala kwenye kipande cha mbao kilichopigiliwa juu juu. Ndoano yake ishike boriti ya paa au mbao nene iliyofungwa kwenye boriti, na iwekwe kabla dari haijafungwa. Fundi akikwambia "bosi, hii inabeba," mwambie aning'inie yeye kwanza.

8. Bodi isipigwe mpaka umeiona fremu. Liandikeni hilo kwenye makubaliano. Mbao ziwe kavu na zilizotiwa dawa ya mchwa. Mbichi hujikunja zikikauka na kuvuta mishono. Nafasi kati ya mbao na mbao isizidi sentimita 60, na iwe ndogo zaidi kwa bodi ya milimita 9. Ishike fremu kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu. Kisha piga picha kila waya na kila bomba huku futi kamba ikionekana pembeni. Siku utakapotaka kutoboa ukuta kutundika runinga, picha hizo zitakuepusha na shoti.

9. Skimu, ile plasta nyembamba ya kulainisha bodi kabla ya rangi, haitaki haraka. Kila mkono ukauke kabla ya mwingine, na wakati wa masika kukauka kunachukua muda mrefu zaidi. Anayepaka asubuhi na kupiga msasa mchana huohuo anawahi saiti nyingine.

10. Lipa kwa hatua. Fremu, bodi, skimu, na bakaa ya mwisho, hata asilimia 10, isubiri mvua kubwa ya kwanza au mwezi mmoja. Andikeni pia nani ananunua msasa, nani anazoa vumbi, na hela ya kula inatoka mfuko gani. Ugomvi mwingi huanzia kwenye vitu hivyo vidogo. Hatua ikikamilika na ukaridhika, mlipe siku hiyohiyo. Fundi aliyezungushwa malipo ya fremu atakwambia "nipo njiani, bosi" wiki nzima, na hutakuwa na la kumlaumu.