Mtoto Asiyetulia na Mtoto Anayezubaa: Kuzitambua Dalili za Upungufu wa Umakini

Mzazi huitwa shuleni kwa ajili ya mtoto wa kiume anayeruka madawati. Ni nadra kuitwa kwa ajili ya binti aliyeketi kimya karibu na dirisha, ambaye daftari lake lina tarehe na mstari mmoja tu wa kazi. Hata hivyo, watoto hawa wawili wanaweza kuwa na tatizo moja, nalo ni upungufu wa umakini. Makala haya yanawakusudia wazazi, walimu na watu wazima wa kata zetu, ili tatizo hilo litambuliwe kabla ya fimbo kuchukua nafasi ya tabibu.

Upungufu wa umakini ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara jijini London kuhusu watoto wasio na upungufu wa akili ambao walishindwa kujizuia. Tangu hapo imethibitika kwamba urithi una nafasi kubwa katika hali hii, na kwamba haitokani na kudekezwa.

Dalili zake ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kutoshika jambo: mtoto hupoteza kalamu na sweta mara kwa mara, huacha kazi katikati, husahau alichotumwa kabla hajafika dukani, na huonekana hasikii hata anaposemeshwa ana kwa ana. Ya pili ni ya kutotulia: hunyanyuka wakati wenzake wameketi, hutoa jibu kabla swali halijaisha, hushindwa kungoja zamu yake bombani, na huvuka barabara bila kutazama. Wapo wenye namna moja, na wapo wenye zote mbili. Wasichana wengi huwa na ile ya kwanza peke yake, na kwa kuwa hawamsumbui mtu, huvuka madarasa wakiitwa wazito wa kuelewa.

Nimesema “mara kwa mara” kwa makusudi, kwani hapana mtoto asiyepoteza kalamu. Mwongozo wa uainishaji unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2013, unataka dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za namna mojawapo, zilizodumu miezi 6 au zaidi, na baadhi ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Zaidi ya hayo, ni lazima baadhi ya dalili zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamzuia mhusika kuishi na kujifunza ipasavyo. Mtoto mtulivu nyumbani na madrasa, lakini mtukutu mbele ya mwalimu mmoja tu, huenda ana shida na mwalimu huyo, au darasa limefurika kiasi kwamba hasikii kinachofundishwa.

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, kwa sababu mambo mengine hufanana sana na tatizo hili. Mtoto asiyesikia vizuri baada ya masikio kutoka usaha mara nyingi ataonekana mkaidi, na asiyeona ubaoni ataonekana mvivu. Minyoo ya safura humpunguzia damu, akasinzia darasani, na aliyekuja shule bila kula hawezi kushika hesabu. Kuna pia kifafa kisicho na kuanguka: mtoto hukatisha neno, hukodoa macho kwa sekunde chache asisikie lolote, kisha huendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Tafiti zilizofanyika nchini Uganda zimeonesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na udhaifu wa umakini. Na mtoto anayeteswa au kunyanyaswa hubadilika ghafla. Badiliko la namna hiyo lifikishwe kwa afisa ustawi wa jamii bila kungoja.

Na watu wazima je? Wengi wa waliokuwa nayo utotoni hubaki na dalili zake. Kurukaruka hupungua na kugeuka wahaka wa ndani. Mtu huanzisha biashara tatu asikamilishe hata moja, husahau marejesho ya kikundi cha kuweka na kukopa ingawa fedha anazo, hufika kazini kwa kuchelewa kila juma, hukatiza maneno ya wenzake, hununua kwa pupa. Kwa wenye umri wa miaka 17 na zaidi, dalili 5 zinatosha, ila ni lazima mizizi yake iwe utotoni. Aliyeanza kusahau akiwa na miaka 40 atafutiwe sababu nyingine, kama vile sonona, kukosa usingizi au pombe. Si ajabu mzazi aliyempeleka mwanawe kupimwa akajitambua mwenyewe katika maswali ya daktari, na hapana aibu katika hilo.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, ambako mtoto hukaguliwa masikio, macho na damu. Ikibidi, hupewa rufaa kwenda hospitali yenye huduma za afya ya akili. Dawa zipo, lakini huamuliwa na daktari, na hazinunuliwi kwa kubahatisha. Wakati huohuo, mwalimu aombwe kumketisha mtoto mbele, mbali na mlango, na kumpa agizo moja kwa wakati mmoja. Nyumbani, kazi ya saa nzima igawanywe vipande vya dakika 10 au 15, naye apongezwe papo hapo kila anapomaliza kimoja.

Kabla ya kwenda kupimwa, andika kwa wiki mbili siku, saa na mahali ambapo kila tukio lilitokea, pamoja na kilichotangulia. Mwombe mwalimu wa darasa afanye vivyo hivyo kwa upande wake. Chukua maandishi hayo, madaftari ya mtoto na kadi yake ya kliniki, kwani tabibu hawezi kubaini hali hii kwa kumtazama mtoto robo saa chumbani mwake, ambamo hata mtundu hutulia.