Vishikwambi vya Shule: Namna ya Kuvisimamia na Kusawazisha Taarifa Zake

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa kwa walimu, kifaa hicho kimezoeleka katika shule nyingi nchini. Hata hivyo, mwalimu kutunza kimoja ni jambo jepesi. Shule kusimamia arobaini vinavyopokezanwa na wanafunzi kunahitaji utaratibu. Somo hili linaeleza utaratibu huo, ili mzazi na mjumbe wa kamati ya shule wajue la kuuliza.

Daftari kwanza

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kishikwambi kibandikwe namba inayoonekana, na namba yake ya kiwandani iandikwe katika rejista pamoja na jina la aliyekipokea, tarehe na hali yake. Kikiibwa, namba hiyo ya kiwandani ndiyo itakayothibitisha kuwa ni mali ya shule.

Maana ya kusawazisha

Kusawazisha ni kuifanya kazi iliyomo katika kifaa ilingane na nakala iliyohifadhiwa katika seva. Mwanafunzi anapojibu zoezi pasipo mtandao, majibu yake hukaa ndani ya kishikwambi pekee. Kifaa kikivunjika au kikifutwa kabla ya kusawazishwa, jasho la mtoto huyo limepotea. Kwa hiyo mwalimu ahakikishe kazi imepokelewa na seva kabla ya vifaa kurejeshwa kabatini.

Mambo mawili husaidia. Kwanza, kila mwanafunzi awe na akaunti yake, ili anayepokea kifaa asiandike juu ya kazi ya mwenzake. Pili, tarehe na saa za vifaa vyote ziwe sahihi, kwani mifumo mingi hutumia muda kuamua nakala ipi ni mpya. Saa iliyokosewa yaweza kuifanya kazi ya jana ifute ya leo.

Kupunguza gharama za intaneti

Somo la video lenye megabaiti 500, likipakuliwa na kila kishikwambi kati ya 40, hutumia megabaiti 20,000, yaani gigabaiti 20. Likipakuliwa mara moja katika seva ndogo ya shule, vifaa vyote hulipata kwa Wi-Fi ya ndani bila kugusa bando. Programu ya Kolibri, inayopatikana bila malipo, hufanya kazi kwa namna hiyo. Masasisho nayo yajaribiwe kwanza katika kifaa kimoja au viwili, kisha yafanyike kwa makundi baada ya vipindi.

Chaji na hifadhi

Betri za lithiamu huharibiwa na joto, na pia kwa kuachwa tupu muda mrefu. Wakati wa likizo, vifaa vizimwe vikiwa na takribani nusu ya chaji, vihifadhiwe mahali pakavu pasipo joto, na chaji yake ikaguliwe mara kwa mara.

Nywila na faragha

Vishikwambi vingi vya Android, vikifutwa bila kufuata utaratibu, hudai akaunti iliyokuwamo awali. Ikiwa akaunti hiyo ni ya mwalimu mmoja binafsi naye akapata uhamisho, shule yaweza kubaki na kifaa kisichofunguka. Akaunti ya usimamizi iwe ya shule, na nywila yake ihifadhiwe kwa siri na viongozi wasiopungua wawili. Aidha, majina na alama za wanafunzi ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabla kifaa hakijapelekwa kwa fundi, kisawazishwe, kisha taarifa hizo ziondolewe.

Wajibu wa mwananchi

Katika kikao kijacho cha wazazi, wakazi wa kata wanahimizwa kuuliza maswali matatu: Rejista ya vishikwambi ilikaguliwa lini? Kazi za wanafunzi huhifadhiwa wapi kifaa kinapoharibika? Nani, zaidi ya mtu mmoja, anaweza kuvifungua? Shule yenye majibu ya maswali hayo imeilinda mali ya umma pamoja na kazi za watoto.