KARAKANA NDANI YA KATONI

Tangu maonyesho ya chama chetu wengi wameniuliza nilivyounda ile karakana ndogo iliyokuwa mezani karibu na mlango. Wengine waliuliza kwa nia njema, wengine kwa kejeli, eti Kiswahili na mashine ni wapi na wapi. Nitawajibu wote papa hapa.

Yote yalianza na picha niliyoikuta katika kitabu cha maktaba. Ilikuwa ya karakana ya Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, huko West Orange katika jimbo la New Jersey. Karakana hiyo ilianza kazi mwaka wa 1887 na leo ni mahali pa makumbusho. Kilichonivutia hasa ni dari. Juu kumejaa vyuma virefu vya mviringo, magurudumu, na mikanda inayoteremka hadi kwenye kila mashine mithili ya mizizi ya mugumo. Zamani zile mashine haikuwa na mota yake. Nguvu ilitoka mahali pamoja, ikazungusha mhimili mmoja mrefu darini, kisha kila mashine ikapata mgao wake kwa ukanda.

Kabla ya kukata katoni, chagua kipimo. Mimi nilichagua 1 kwa 20, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: mita moja huwa sentimita 5. Jengo kuu la Edison lina urefu wa mita 76 hivi. Gawanya kwa 20, unapata mita 3.8. Nani angenipa meza hiyo? Basi nikachukua pembe moja tu ya karakana, mita 12 kwa 8, ikawa sentimita 60 kwa 40. Fundi wangu wa waya, mwenye urefu wa mita 1.7 katika maisha halisi, akawa sentimita 8.5. Tupa ya sentimita 30 ikawa 1.5, na hiyo niliichonga kutokana na kijiti cha kiberiti.

Ukishajua kipimo, utaanza kuona takataka kwa jicho jingine. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2. Mara 20 ni sentimita 4, na huo ndio mhimili wangu. Kizibo cha soda kina upana wa karibu sentimita 3, yaani puli ya sentimita 60. Kifuniko cha dawa ya meno kikawa puli ya sentimita 30. Ukanda ukitoka kwenye kizibo hadi kwenye kifuniko, mhimili ukizunguka mara moja mashine huzunguka mara mbili. Mwalimu wa fizikia alipoona hivyo alicheka, akasema nimemmalizia kipindi.

Taabu ilikuwa mikanda. Kwanza nilikata vipande vya tyubu. Mpira ukavuta mno hata spoki ikapinda kama upinde. Nikajaribu ngozi ya kiatu kikuukuu, lakini ngozi ya milimita 2 kwa kipimo changu ni ukanda wenye unene wa sentimita 4! Mwishowe nikaiba utepe wa nywele wa dada yangu (ameshanisamehe), nikauchemsha ndani ya chai ya rangi mpaka ukafanana na ngozi. Ukawa unateleza na kuanguka kila mara. Dawa yake ni ya ajabu kidogo: zungushia uzi katikati ya puli ili pawe na kilima kidogo. Ungefikiri ukanda utaporomoka kutoka kilimani, kumbe ukanda bapa hupanda pale palipoinuka na kukaa hapo hapo. Puli halisi za zamani zilitengenezwa hivyo.

Nilipodhani nimemaliza, nikamwonyesha baba. Baba ni fundi wa jua kali. Aliinama, akaangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaniuliza:

"Huyu mtu wako akitaka kubadilisha chuma, anaisimamisha mashine vipi?"

"Anaizima, baba."

"Anaizima wapi? Nionyeshe swichi."

Nikanyamaza. Swichi haikuwapo, na mhimili ukisimama karakana nzima husimama. Baba akaniambia nirudi kwenye picha nihesabu puli vizuri. Kweli, juu ya kila mashine palikuwa na puli mbili ubavu kwa ubavu. Moja imekazwa kwenye mhimili wake mdogo, nyingine inazunguka bure tu. Kuna uma wa kusukuma ukanda. Ukiusukuma kwenye ile ya bure, mashine inasimama huku ukanda ukiendelea kukimbia. Mpini wa uma huo uko pale pale mkono wa fundi unapofika.

Baba aliweka kidole chake cha shahada mezani kando ya kerezo langu. Kina pingili mbili. Kabla sijazaliwa alifanya kazi katika karakana fulani mjini ambamo swichi ilikuwa ukutani, hatua nne kutoka kwenye mashine. Hakuwahi kunieleza habari hiyo. Usiku ule nilibomoa puli zote nikaanza upya.

Sasa majina, kwa wale wa kejeli. Mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga ni kerezo, na kazi yake ni kukereza. Kibanio cha mezani ni jiliwa. Chuma cha kufulia ni fuawe. Cha kutobolea ni keekee. Maneno haya yamo kamusini, ila sisi twasema "leithi" na "vaisi" kana kwamba Kiswahili hakijawahi kushika chuma. Zile puli mbili hazikuwa na majina kamusini, tukabishana chamani Ijumaa nzima. Zikaitwa puli mfungwa na puli huru. Baba anasema yeye atazidi kusema leithi.

Karakana sasa iko juu ya kabati la chama. Nimeiacha bila paa, boriti tu, ili uone mhimili unavyoning'inia. Ukitaka kuizungusha tumia mpini ulio upande wa dirisha, polepole, na usiguse ukanda wa pili kutoka mlangoni, gundi yake bado haijakauka vizuri.