SOMO LA KIKUNDI: Kwa nini nesi anauliza mengi hivyo?



Mama anatoka mbio kwenye majani chai. Mtoto mgongoni anachemka homa, lakini mikono na miguu ni baridi. Hospitalini nesi anauliza: Homa ilianza lini? Umempa dawa gani? Kadi ya kliniki iko wapi? Mama anakasirika: "Mtoto anakufa, nyinyi mnaandika tu!" Tusimlaumu. Lakini tuone maandishi hayo yanafanya kazi gani.

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto wa namna hii aongezwe maji ya dripu, mengi tena haraka. Ndivyo walivyofanya Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye mashine za kupumulia. Je, huku kwetu ambako mashine hazitoshi? Kuanzia 2009 hadi 2011, hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo, ziliweka pamoja habari za watoto 3,141. Wengine walipewa maji ya haraka, wengine polepole. Katika siku mbili za kwanza, kwa kila watoto 100 waliopewa haraka walikufa karibu 11. Waliopewa polepole, 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati.

Hebu fikirini. Daktari mmoja katika wodi moja hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho yake, hata awe hodari namna gani. Ilionekana kwa sababu habari za watoto wa hospitali nyingi zilijumlishwa. (Watoto wa kuharisha hawakuwemo katika hesabu hiyo, kwa hiyo mtu asikatae dripu eti amesoma hapa!)

Hata Kericho, kumbukumbu za hospitali ya mashamba ya chai, za tangu miaka ya 1960, ziliwasaidia watafiti kufuatilia malaria ya nyanda za juu. Na tangu 2013 wodi za watoto za hospitali kadhaa za serikali nchini hukusanya kumbukumbu zao pamoja, bila majina ya watoto.

Kumbukumbu mbaya huleta hesabu mbaya. Ukificha kwamba ulinunua vidonge dukani, ama ulianza na dawa za mitishamba, daktari wako anapotea, na hesabu nayo inapotea.

Mkutano ujao kila mmoja aje na kijitabu cha kliniki. Tazameni kama uzito umeandikwa, maana dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo. Halafu mjadiliane: mama akiwa kazini, na nyanya ndiye atakayempeleka mtoto hospitali, je, anajua homa ilianza lini na mtoto amepewa nini?