Jumanne: Madhabahu Kando ya Yordani

Soma Yoshua 22:10–20. Wana wa Israeli walisikia habari gani, nao walikusudia kufanya nini?

Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase walikuwa wakirudi kwenye urithi wao ng'ambo ya Yordani, wakiwa wamebarikiwa na Yoshua. Mara zikaja habari kwamba wamejenga madhabahu kubwa kando ya mto. Makabila mengine yakakusanyika Shilo, tayari kwenda kupigana na ndugu zao.

Angalia jambo moja: habari ile haikuwa ya uongo. Madhabahu ilikuwepo. Kosa lilikuwa katika maana waliyoipa wale walioisikia.

Ndivyo mambo mengi yanavyotufikia leo kwenye simu. Picha ni ya kweli, lakini ilipigwa miaka mingi iliyopita au katika nchi nyingine. Sauti ni ya mtu yule yule, lakini imekatwa kabla hajamaliza kusema. Maneno machache yanaongezwa, kisha ujumbe unapita kundi hadi kundi, hata makundi ya kanisa. Mwaka 2018 nchini India, uvumi kuhusu wezi wa watoto ulisambaa kupitia WhatsApp, na watu wasio na hatia wakapigwa na umati hadi kufa. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliweka kikomo duniani kote, ili mtu asiweze kusambaza ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Kikomo hicho hupunguza mwendo wa uvumi, lakini hakiwezi kutuambia kama jirani yetu amesingiziwa.

Soma Yoshua 22:13, 14, 21–34. Ni nini kilichozuia vita?

Kabla ya upanga kuchomolewa, alitumwa Finehasi kuhani pamoja na wakuu kumi. Hata wao walianza kwa kulaumu (fungu la 16), lakini walikwenda wenyewe hadi Gileadi, wakawaacha ndugu zao waseme mpaka mwisho. Jibu liligeuza kila kitu. Madhabahu ile haikuwa ya kutolea sadaka. Ilikuwa ushahidi kwamba watoto wao wa ng'ambo ya mto nao ni watu wa Bwana. Kilichodhaniwa kuwa uasi kilikuwa hofu ya kutengwa.

Kutoka 23:1 inakataza kueneza habari za uongo, na Mithali 18:13 inaonya kwamba anayejibu kabla ya kusikia hujiaibisha. Kuandika "nimetuma kama nilivyopokea" hakumwondoi mtu chini ya amri ya tisa. Finehasi alilazimika kuvuka mto ili kuuliza. Sisi, simu ile ile iliyotuletea habari inaweza kumpigia mhusika. Na tukigundua kwamba tulichosambaza hakikuwa kweli, tukisahihishe katika kundi lile lile. Kukifuta kimya kimya hakumrudishii mtu jina lake.

Jadilini darasani: Picha ya mshiriki akiwa amesimama mlangoni pa baa imewekwa kwenye kundi la kanisa. Kwa mwanga wa Mathayo 18:15, nani aende kumwona kwanza? Wengine wafanye nini wakati huo, na wajizuie kufanya nini?