Saa za kujitolea: Usizifiche, usizizidishe

Kila mwaka wapo vijana wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaoomba nafasi katika vyuo vya Marekani. Wengi hupitia fomu ya pamoja iitwayo Common Application, iliyoanza mwaka 1975 kwa vyuo 15 na sasa inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Humo mwombaji hutaja shughuli zake za nje ya darasa, zisizozidi 10, na kwa kila moja huandika saa kwa wiki na wiki kwa mwaka.

Hapa ndipo penye mtihani. Kijana aliyesomesha watoto Juzuu Amma miaka mitatu anaacha nafasi wazi kwa kuogopa riyaa. Mwenzake aliyegawa futari siku nne anaandika saa 200. Wote wawili wamekosea.

Tuanze na wa kwanza. Katika Surat Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (AS) alipoomba kusimamia hazina za nchi alimtajia mfalme sifa zake za uhifadhi na elimu. Alisema kweli palipohitajika, wala hakujigamba. Fomu imekuuliza, nawe unajibu. Riyaa huingia pale unapoifanya kazi ili uje uiandike. Hiyo ni nia, na nia husafishwa kabla ya kuanza kazi.

Ama wa pili, akumbuke Suratul Mutaffifin ilivyowaonya wanaopunja vipimo. Saa nazo ni kipimo. Basi tuhesabu kwa haki.

Anayesomesha madrasa Jumamosi na Jumapili, saa 2 kila siku, ana saa 4 kwa wiki. Atoe wiki za likizo na mitihani. Zikibaki 36, jumla yake ni saa 144 kwa mwaka. Aliyeandaa futari ya masikini saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ataandika saa 15 na wiki 4. Jumla ni saa 60, na asijaze wiki 52.

Muda wa kukaa kwenye daladala hauhesabiwi. Swala na tarawehe ni ibada yako, si huduma uliyowapa watu. Kulea wadogo zako au kuuza dukani kwa baba pia kuna mahali pake katika fomu hiyo, usikudharau. Asiye na kumbukumbu akadirie kwa chini, na kuanzia leo aweke daftari.

Neno la mwisho ni kwa wazazi, maustadhi na maimamu. Kijana akija na barua yenye saa ambazo hamkuziona, msitie saini wala muhuri wa msikiti kwa kumhurumia. Mtume (SAW) aliuhesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa. Na hata hapa duniani, mwombaji huthibitisha kwa saini kwamba aliyoyaandika ni kweli, na ikigundulika vinginevyo chuo kinaweza kumnyang'anya nafasi. Mwaka 2019 huko Marekani walishitakiwa watu wapatao 50 katika kashfa ya udanganyifu wa maombi ya vyuo, na wapo wazazi waliofungwa jela.

Saa 60 za kweli zina baraka kuliko 200 za kubuni. Mtoto akiingia chuoni kwa uongo tuliomsaidia kuuandika, tutamfundisha nini tena kuhusu amana?

Wabillahi tawfiq.